Dola za Selpher

Nairobi kuna watu wanaoamka asubuhi kwenda kazini, na kuna watu wanaoamka asubuhi kwenda kuangalia wanaokwenda kazini. Norman Kihara alikuwa wa kundi la pili, na alilitumikia kwa bidii. Kila siku isipokuwa Jumapili alivaa suti iliyopigwa pasi, akapanda mgahawa mmoja wa ghorofani katikati ya mji, akakaa dirishani mbele ya kikombe cha chai kilichofundishwa kudumu. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la kubadilishia pesa za kigeni. Norman mwenyewe hakuwa na pesa za kigeni. Alipenda tu kuwafahamu wenye nazo.

Kadi yake, aliyochapishiwa Ngara, ilisema yeye ni Mshauri wa Ushuru kwa Wanaorejea Kutoka Ughaibuni. Naomba mtu asicheke, kadi ilikuwa nzuri, na ukingo wake ulikuwa wa rangi ya dhahabu. Ushauri wenyewe haukuwa mrefu. Alimtafuta mtu aliyetoka majuu, akamtisha na habari za watu wa ushuru mpaka mate yakamkauka, kisha akamnong'oneza kwamba yeye Norman anaujua mlango wa nyuma. Mlango huo haukuwepo, lakini ada ya kuufungua ililipwa mapema.

Na biashara ilikwenda, kwa sababu moja ambayo inatuaibisha sote. Ofisi ya ushuru ipo hapo hapo mjini. Ina kaunta, kaunta ina mtu, na mtu huyo ukimwuliza swali anakujibu bure. Sasa nani atakwenda? Mkenya aliyekaa Boston miaka kumi humwangalia polisi wa kizungu machoni bila wasiwasi, lakini mwambie aende akaulize ushuru wake mwenyewe, hapo hapo anakumbuka ana mgonjwa wa kutembelea. Kwake kuuliza ni kujitaja. Afadhali amlipe mtu asiyemjua, mwenye kadi ya dhahabu, ili huyo ndiye asiulize kwa niaba yake. Norman aliishi ndani ya hofu hiyo, na ilimlisha vizuri tu.

Asubuhi moja, mwaka ule ambao mji mzima ulikuwa ukipanga foleni kununua hisa, alimwona Selpher.

Kwanza aliona koti. Lilikuwa koti zito la baridi, mwezi wa pili, jua linachoma hadi lami inanuka. Chini ya koti kulikuwa na raba nyeupe zilizochakaa, na begani mkoba wa kitambaa wenye jina la duka la Amerika. Mwanamke mwenyewe alikuwa wa makamo, mnene kiasi, uso umetulia. Alifika kwenye mistari ya kuvukia barabara akasimama, akangoja magari yasimame ili avuke. Hapo Norman alitua kikombe. Mtu ambaye hajatoka Nairobi hawezi kufanya jambo kama hilo.

Mama aliingia pale dukani akatoa noti moja ya dola kumi. Alibadilisha hiyo hiyo moja, akahesabu shilingi zake, akazihesabu tena, akaomba risiti.

"Twende zetu," alisema Wambua. "Huyu hana kitu."

Wambua alikuwa mshirika wa Norman. Siku za kawaida aliuza vyuma vya pazia Ngara, na siku ambazo biashara ilihitaji wakili, alifunga tai akawa wakili. Alikuwa mtu wa kuona kilicho mbele yake, na Norman aliuhesabu huo kuwa udhaifu.

"Wambua, ndiyo maana utauza vyuma vya pazia mpaka uzeeke," Norman alimwambia kwa huruma. "Fukara wa majuu anarudi na miwani ya jua na mkufu, ananunulia baa nzima. Mwenye pesa anarudi na raba zilizotoboka. Anabadilisha dola kumi kwa sababu anaogopa kuonekana akibadilisha laki. Huyo mama anajificha. Na anajificha kutoka kwa nani?"

"Watu wa ushuru," alijibu Wambua, maana swali hilo alikuwa ameliimbishwa mara nyingi.

Sasa, ili mnielewe, Norman alikuwa akihitaji samaki mkubwa mwaka huo kuliko mwaka mwingine wowote. Alikuwa na ploti huko Satellite, mtaa wa jirani na Riruta, mali yake halali kabisa, yenye hati na kila kitu, aliyoinunua kwa pesa alizozipata kwa njia tulizokwisha kuzitaja. Juu ya ploti hiyo palisimama nyumba, au tuseme kuta. Vyumba vilikuwepo, madirisha yalikuwa matundu, na juu ilikuwa mbingu ya Mwenyezi Mungu. Pesa zilikuwa zimeishia hapo. Na Norman alikuwa na mchumba, Nyawira, aliyefanya kazi katika duka la dawa hapo hapo Satellite. Alimpenda kwa moyo wote. Katika miaka yote ya kujuana kwao hakuwahi kumdanganya juu ya kitu chochote isipokuwa kazi yake.

Shida ilikuwa baba mtu. Mzee Njuguna alikuwa mwenyeji wa Riruta tangu ikiwa mashamba, na sasa alimiliki safu tatu za nyumba za kupangisha. Alikuwa amewasikiliza wazee wa upande wa Norman, akanywa soda yao, kisha akasema neno moja. Binti yake hataolewa akalazwe chini ya mbingu. Siku atakayoiona paa kwa macho yake, ndiyo siku watakayozungumza harusi ya Desemba. Ikifika Desemba bila paa, basi kuna kijana mwingine, wa benki, ambaye nyumba yake ina hadi mfereji wa maji ya mvua.

Kwa hiyo Norman alishuka ngazi, akavuka barabara bila kungoja gari lolote, akamwinamia Selpher kwa adabu na kumtolea kadi.

Dakika chache baadaye walikuwa mgahawani, na mama alikuwa akila kuku kwa gharama ya Norman. Norman aliongea. Alimweleza kwamba ukishakanyaga uwanja wa ndege kuja kukaa, dola zako zote za huko nje, hata zile ulizoweka akiba kwa jasho la miaka, serikali inazitazama kama zake. Alimwambia habari za mwanamume mmoja wa Kikuyu, aliyerudi kutoka Texas, ambaye waliacha kumkata ushuru pale tu walipobaki wanamkata kucha. Mtu huyo hakuwepo, lakini Norman alimsimulia kwa uchungu hadi yeye mwenyewe akamwonea huruma. Selpher alitafuna na kusikiliza.

"Kaka yangu," alisema alipomaliza paja, "mimi sina kitu. Nimekaa miaka kumi na moja nikiosha wazee wa watu na kuwavalisha. Nilikuwa natuma pesa kwa ndugu yangu Isaiah anijengee nyumba. Alikuwa ananitumia picha, msingi, kuta, mabati. Nimerudi nikakuta ni nyumba ya jirani ndiyo alikuwa anapiga picha. Sasa niko kwa dada yangu Everlyn, Ngara, nalala kwa kochi. Nina masanduku mawili na hizo shilingi umeona nikibadilisha."

Norman alimtazama kwa heshima aliyokuwa hajampa mtu yeyote tangu azaliwe.

"Hiyo ya ndugu," alisema polepole, "nani alikufundisha?"

"Kunifundisha nini?"

"Wacha. Usinijibu. Na usimwambie mtu kitu kingine chochote, hata mimi. Madam, endelea hivyo hivyo. Mtu akikuuliza, huna kitu."

"Lakini kweli sina."

"Haswa," alisema Norman, akaagiza kuku mwingine.

Walipoachana alimpa na kadi ya simu ili asikose kumpata. Wambua, aliyekuwa meza ya jirani akijifanya anasoma gazeti, alikunja gazeti lake akasema kwamba kwa maoni yake mama yule hana kitu. Norman alimjibu kwamba mtu asiye na kitu hawezi kusema hana kitu vizuri namna ile.

Ikafuata wiki ya kumbembeleza. Norman alijaribu kwanza njia ya kawaida, ada ya kufungua faili. Selpher alisema hana ada. Akaipunguza nusu, akaambiwa hana hata hiyo. Mtu mwingine angejifunza kitu hapo. Norman alijifunza kwamba mama huyu haguswi na vidagaa, na kwamba dola anazozilinda lazima ziwe za kutisha. Usiku hakulala, akizijaza hesabu kichwani, na kila alipoamka zilikuwa zimeongezeka.

Jumamosi hiyo alikwenda kumwamkia Mzee Njuguna, kwa sababu mkwe mtarajiwa lazima aonekane. Walikaa barazani. Mzee alikuwa na huzuni, maana alisikia redioni kwamba wenye nyumba za kupangisha nao wataanza kuulizwa ushuru. Norman, aliyekuwa na moyo mkunjufu siku hiyo, alimpa ushauri wa bure. Mtu mwerevu, alimwambia, hana kitu kwa jina lake. Nyumba ni zake lakini ukimwuliza atakuambia ni za mwingine. Na huyo mwingine naye amefundishwa kusema kwa uso mkavu kwamba ni zake. Mzee Njuguna aliufurahia sana ushauri huo. Alimwita mkewe aje ausikie, akamwomba Norman aurudie tangu mwanzo.

Ni kule barazani, akijisikiliza mwenyewe, ndipo mpango mkubwa ulipomjia.

Alimweleza Selpher mpango huo Jumatatu, pale mgahawani, na naomba mnifuate, maana ndio uliomponza. Dola zikiingia nchini, alieleza, watu wa ushuru watauliza ni za nini. Ukisema ni mshahara wa majuu, umekwisha. Lakini ukisema umeuza ploti, nani atakugusa? Watu wanauza ploti kila siku. Kwa hiyo Selpher atauza ploti, na atamwuzia Norman, kwa bei ya kufa mtu. Norman atamlipa bei hiyo kwa dola zake mwenyewe Selpher, ambazo atakuwa amezituma kutoka Amerika hadi akaunti ya Norman. Zitaingia kwa Norman zikiwa mshahara, zitatoka zikiwa bei ya ploti.

Kitu ambacho Norman hakukieleza ni kwamba hazingetoka. Zingeingia, basi.

"Lakini mimi sina ploti," alisema Selpher.

"Utakuwa nayo," alisema Norman. "Nitaandikisha yangu kwa jina lako kwanza. Tutasema uliinunua, ukalipa yote, mambo yakaisha."

Selpher aliacha kutafuna. Alimwangalia Norman kwa muda, kichwa kimeinama upande, kama anavyomwangalia mtu mzee aliyesahau kama amekwisha kula.

"Unataka kunipa nyumba," alisema.

"Kwa karatasi tu."

"Na hii ya pili, ya mimi kukuuzia wewe tena, nayo tutaiandika?"

Norman alishtuka kama mtu aliyesikia tusi kanisani. Hiyo haiandikwi, alimwambia, kamwe. Hiyo ndiyo siri yenyewe. Watu wa ushuru wanaishi kwa karatasi, na mtu mwerevu anaandika ya kwanza na kuibeba ya pili kifuani. Selpher alisema ameelewa. Akaomba siku mbili za kufikiria, na akaomba ugali wa kufungiwa, ampelekee dada yake.

Aliporudi alikuwa na sharti moja. Hataki wakili wa Norman, yule mwenye tai fupi ambaye Norman alikuwa amemtambulisha kwake. Wambua aliumia sana. Selpher alitaka wakili mwenye ofisi yenye mlango na choo, na alikuwa amemwona mmoja Parklands, Wakili Wangui, ambaye alishughulikia talaka ya rafiki ya Everlyn. Kwa Norman huo ulikuwa ushahidi wa mwisho. Mtu asiye na kitu anatafutia nini wakili wa Parklands?

"Boss, nakuomba," Wambua alimwambia siku hiyo, wamesimama nje ya duka lake, vyuma vya pazia vimeegemezwa ukutani. "Hiyo ploti ndiyo kitu pekee unacho cha ukweli. Mpe kitu kingine. Mpe ile ploti ya Ruai isiyokuwepo."

"Huyu si wa kupewa ya Ruai. Huyu anaenda mpaka ofisi ya ardhi kuangalia faili."

"Si ndiyo nakwambia!"

Lakini Norman alikuwa amekwisha kuiona paa kichwani. Ilikuwa ya vigae, na chini yake alimwona Nyawira amesimama mlangoni na Mzee Njuguna akihesabu vigae kwa fimbo.

Wakili Wangui alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyoshikwa na kamba, na hakuwa na haraka. Aliwasomea mkataba wote, neno kwa neno. Kisha alimgeukia Norman.

"Bwana Kihara, unamwuzia huyu mama ploti na jengo lililo juu yake. Umelipwa?"

"Nimelipwa."

"Yote?"

"Yote, na shukrani."

"Huna dai lolote juu yake, leo wala kesho?"

"Sina," alisema Norman, kwa sauti nzuri ya mtu mwaminifu. Alijisikia amecheza vizuri kuliko siku zote.

Selpher aliinua mkono. "Wakili, nami niseme kitu, asikie mbele yako. Mimi sina pesa zinazokuja kutoka Amerika. Hata dola moja. Nimemwambia mara nyingi."

Wakili Wangui alimtazama Norman juu ya miwani. "Umesikia, Bwana Kihara?"

"Nimesikia," alisema Norman, na ilibidi ajing'ate shavu asipige makofi. Akatia sahihi. Na kwa kuwa Selpher hakuwa na pesa, Norman mwenyewe ndiye aliyetoa ushuru wa kuhamisha hati. Tuseme kweli, ndio ushuru wa kwanza aliowahi kuulipa tangu azaliwe, na aliulipa hadi senti.

Hati ilitoka ikiwa na jina la Selpher. Norman alikaa kungoja dola.

Alingoja kwa uungwana mwanzoni. Alipiga simu, akauliza hali ya hewa ya Amerika. Selpher alimwambia hakuna pesa zinazokuja, na Norman akasema sawa kabisa, simu zina masikio. Baada ya muda akapiga tena, akapewa jibu lile lile kwa upole ule ule. Alikwenda benki kuangalia akaunti mpaka askari wa mlangoni akaanza kumwita kwa jina. Mwezi wa tano ukaisha, wa sita ukaingia na baridi yake, na siku moja simu ya Selpher ikawa haishikwi. Akachukua gari la kwanza kwenda Satellite.

Aliiona paa akiwa bado barabarani.

Yalikuwa mabati ya buluu, mapya, yanang'aa kwenye jua hafifu. Madirisha yalikuwa na vioo. Uani kulikuwa na kamba yenye mashuka meupe yaliyoanikwa, na ukutani, juani, wamekaa bibi wawili na mzee mmoja kwenye viti, blanketi miguuni, kila mmoja na kikombe cha uji. Selpher alitoka mlangoni na birika. Alikuwa bado na zile raba.

"Karibu, Bwana Kihara," alisema. "Chukua kiti."

Norman hakuchukua kiti. Aliuliza ni nani aliyeezeka nyumba yake. Selpher akamweleza bila haraka, akimpangusa bibi mmoja midomo. Akina mama wa chama cha kanisa la Everlyn ndio waliomkopesha mabati, baada ya kuona hati. Na hawa wazee ni wazazi wa watu wa majuu. Huko alikotoka, kila siku alikuwa akikutana na Wakenya wanaolia kwamba mama amebaki peke yake na hana wa kumtunza. Sasa anawatunzia, na watoto wanatuma.

"Wanatuma dola," alisema. "Kwa hiyo hapo hukukosea. Zinakuja kweli siku hizi."

"Madam, ulinidanganya."

"Lini?"

Norman aliinua kidole kuanza kuhesabu, akakishusha.

"Nilikwambia sina kitu, ukanisifu," alisema Selpher. "Nikakuambia mbele ya wakili, ukatia sahihi. Kwa simu nimekuambia mpaka nimechoka. Zile siku mbili nilizokuomba, unajua nilienda wapi? Nilienda ofisi ya ushuru. Kuna kijana pale kaunta, mpole sana. Nikamwuliza mtu akirudi na akiba yake ya mshahara wa huko, ananyang'anywa? Akashangaa nimetoa wapi hayo. Alikuwa na nafasi ya kunielezea yote, kwa sababu kwa foleni nilikuwa peke yangu. Kwa hiyo nilijua wewe ni nani, Bwana Kihara. Nilitaka nikuache tu. Lakini mimi nilirudi nyumbani nikakuta ndugu yangu wa tumbo moja amekula nyumba yangu yote. Halafu mtu nisiyemjua anakuja kunishika mkono ananilazimisha nyumba. Ningekataa vipi?"

"Nitakushtaki."

"Nenda. Wakili Wangui atakusaidia kumweleza hakimu ploti ulikuwa unaniuzia ya nini. Na zile pesa ulizosema umelipwa yote, na shukrani, watu wa ushuru nao watataka kujua ulizipeleka wapi."

Norman akakaa. Mmoja wa bibi akamwuliza kama yeye ndiye daktari.

Na ni wakati huo huo, kwa sababu mabati ya buluu yanaonekana mbali, ndipo Mzee Njuguna alipoingia langoni na fimbo yake, nyuma yake Nyawira na aproni ya dukani bado imefungwa kiunoni. Mzee alisimama katikati ya ua, akainua uso, akaitazama paa kutoka pembe moja hadi nyingine. Macho yalimlengalenga. Alimshika Norman mkono kwa mikono miwili akamwambia kwamba alimdhania vibaya, kwamba wiki nzima watu wanamwambia kuna paa na yeye anakataa kuamini, na kwamba sasa awalete wazee wake, Desemba ni kesho.

Haikuwa kawaida ya Norman kusema kweli, na hakujua inaanzia wapi. Lakini Nyawira alikuwa anamtazama. Akasema.

"Baba, hii nyumba si yangu."

Mzee Njuguna aliitazama paa tena. Kisha tabasamu likaanza, polepole, likapanda hadi kwenye masikio.

"Ni ya nani?" aliuliza, akikonyeza.

"Ni ya huyu mama. Kweli kabisa. Nilimwandikishia mwenyewe."

"Mama, eti nyumba ni yako?"

"Ni yangu," alisema Selpher. "Na hati iko ndani, ukitaka kuiona."

Mzee alicheka mpaka ikabidi Nyawira amshike. Alimpigapiga Norman begani, akawaambia wazee waliokaa juani kwamba huyu kijana ana akili kuliko wabunge. Ona alivyomfundisha huyo mama, uso mkavu, hata jicho hapepesi! Norman aliapa. Alimtaja Mungu, akataja na mamaye. Kadiri alivyoapa ndivyo mzee alivyozidi kufurahi. "Usinieleze zaidi," alimnong'oneza mwishowe. "Mimi nimeelewa. Hata zangu zile za Riruta, kuanzia leo si zangu."

Nyawira hakucheka. Alimfuata Selpher jikoni, wakakaa huko kitambo, kisha akatoka akamvuta Norman hadi nyuma ya nyumba.

"Nimeuliza," alisema. "Nimeambiwa yote. Hata kadi nimeonyeshwa."

Norman alitazama viatu vyake. Alimwambia kwamba anaelewa, na kwamba yule wa benki anaonekana mtu mzuri. Alikuwa karibu kulia, na alishangaa, kwa maana hii mara moja hakuwa akiigiza.

"Yule wa benki nimemkataa mara mbili," alisema Nyawira. "Baba hakuambiwa. Sasa sikiliza. Huyu mama ana vyumba viwili vya nyuma anavipangisha. Utavipanga. Utatafuta kazi ambayo naweza kuitaja kanisani. Na siku nyingine ukitaka kujua kitu, uliza."

Walioana Desemba. Wambua alisimamia harusi, na zawadi yake ilikuwa vyuma vya pazia vya madirisha yote mawili. Siku hizi Norman anauza naye pale Ngara, na ni hodari, maana mdomo anao. Kila mwisho wa mwezi, kabla ya kunywa chai, anazunguka hadi mlango wa mbele wa nyumba aliyoijenga kwa mikono ya wengine, anabisha hodi, na kumlipa Selpher pesa za vyumba viwili. Selpher anazihesabu, anazihesabu tena, anamwandikia risiti, na anamkumbusha kwamba hizo nazo atazipeleka zikaonekane kwenye ushuru.

Mara nyingine Mzee Njuguna huwa anapita njiani na kuyaona hayo juu ya ua. Husimama, akaegemea fimbo, akatikisa kichwa. Amewaambia wazee wenzake wote wa Riruta kwamba ameona wakwepaji wa ushuru wengi katika maisha yake, lakini hajawahi kuona mtu anayeifanya kazi hiyo kwa ukamilifu kama mkwewe.